Maisha ya Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, Mwalimu wa Watoto Maskini

Ndugu wakatekumeni, wengi wenu mwajifunza kusoma katika kitabu kile kile ambamo mwajifunza sala. Mwaketi kwenye mabenchi, mwalimu amesimama mbele ya ubao, mmoja asoma kwa sauti na wengine wote wafuata mstari kwa kidole. Mambo hayo mwayaona kuwa ya kawaida, kana kwamba shule zimekuwa hivyo tangu Nuhu alipotoka katika safina. Sivyo. Yuko mtu aliyetoa mali yake, cheo chake na amani yake ili watoto wa maskini wapate kufundishwa namna hiyo. Mtu huyo ni Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, ambaye Eklezia humkumbuka kila mwaka tarehe 7 Aprili.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1651 katika mji wa Reims, nchini Ufaransa. Mji huo ulikuwa na kanisa kuu zuri sana, ambamo wafalme wa Ufaransa walipakwa mafuta, na ulikuwa pia mji wa wafumaji wa nguo za sufu. Basi palikuwa na matajiri wenye kuuza nguo, na maskini wengi wenye kuzifuma. Baba yake alikuwa mwamuzi katika baraza la mfalme. Mama yake alitoka katika jamaa yenye cheo. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, yenye mnara na watumishi. Jean-Baptiste alikuwa mzaliwa wa kwanza, na ninyi mwajua mzigo wa mzaliwa wa kwanza ulivyo.

Tangu utoto alitaka kuwa padri. Alipokuwa hajatimiza miaka 16, mwaka wa 1667, alipewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Reims. Kanoni alikuwa na kazi ya kuimba sala za Eklezia pamoja na wenzake, naye alipata mapato makubwa kila mwaka. Siku hizo vijana wa jamaa kubwa waliweza kupewa cheo hicho mapema, tusishangae sana. Kisha alikwenda Paris kusoma katika seminari ya Saint-Sulpice. Lakini mama yake alikufa mwaka wa 1671, na baba yake akafuata mwaka wa 1672. Kijana ambaye hajatimiza miaka 21 alirudi nyumbani kuwalea wadogo zake, kuangalia mashamba na nyumba za urithi, na kuhesabu fedha. Aliendelea kusoma hivyo hivyo, akapewa upadri tarehe 9 Aprili 1678, na mwaka wa 1680 akawa daktari wa teolojia.

Mpaka hapo maisha yake yalikuwa maisha ya padri mwema na tajiri. Pengine angalizeeka hivyo, tusingalijua jina lake.

Katika mji wa Rouen aliishi mwanamke mmoja tajiri, Bibi Maillefer, mzaliwa wa Reims. Wasimulizi wa zamani wasema kwamba katika ujana wake alipenda mavazi na karamu, wala hakuwajali maskini. Siku moja mwombaji aliyemnyima mahali pa kulala alikufa katika zizi la farasi wake. Bibi alitoa shuka azikwe nayo, na jioni, wasema, aliikuta shuka ile ile imekunjwa juu ya meza yake, kana kwamba maiti ameirudisha. Kama ilikuwa hivyo au la, jambo moja ni hakika: mwanamke huyo aligeuka, akawa mama wa maskini, akatoa mali kwa ajili ya shule. Alitamani watoto wa Reims, mji wake wa kuzaliwa, wapate shule ya bure. Basi mwaka wa 1679 alimtuma huko mtu mmoja mlei, Adrien Nyel, aliyekuwa amewafundisha watoto maskini wa Rouen kwa muda mrefu.

Nyel alifika Reims akifuatana na kijana wa miaka 14 wa kumsaidia. Mlangoni pa nyumba ya Masista waliofundisha wasichana yatima, alikutana na kanoni de La Salle, aliyekuja vilevile kuwatembelea Masista hao. Mlango mmoja, saa moja. Kanoni alimpa mgeni mahali pa kulala, akamshauri namna ya kufungua shule bila kuwaudhi wakubwa wa mji, akamwonyesha paroko mmoja wa kumpokea, yule wa parokia ya Saint-Maurice. Alidhani kazi yake imekwisha hapo.

Haikuwa imekwisha. Nyel alikuwa mtu mwema wa kuanza mambo, lakini hakuwa mtu wa kuyadumisha. Alikuwa hajamaliza kuimarisha shule ya kwanza, akafungua ya pili, akafikiri ya tatu. Walimu aliowakusanya walibaki peke yao. Walikuwa vijana wasiosoma sana, wasio na adabu nyingi, wengine walikubali ualimu kwa kukosa kazi nyingine. Darasani kelele zilikuwa nyingi, na nyumbani hapakuwa na mpango. Kanoni aliwahurumia. Aliwapangia nyumba karibu na kwake. Kisha aliwaita wale chakula mezani pake. Na tarehe 24 Juni 1681 akawaingiza wakae nyumbani mwake kabisa.

Jamaa zake walikasirika. Fikirini wenyewe: mtoto wa mwamuzi, kanoni wa kanisa kuu, anawaketisha walimu wa watoto wa barabarani mezani pamoja na ndugu zake wa tumbo moja! Siku zile mwalimu wa maskini alihesabiwa kuwa mtu duni. De La Salle mwenyewe aliandika baadaye kwamba zamani aliwaona walimu hao kuwa chini ya mtumishi wake, na kwamba kama angalijua tangu mwanzo ya kuwa kuwasaidia kidogo kutamleta akae nao, asingaligusa kazi hiyo hata kidogo. Mungu alimwongoza polepole, hatua moja kisha nyingine, hata akajikuta mbali. Jamaa waliwaondoa nyumbani mwake wadogo zake wasilelewe katika hali ile. Mwaka wa 1682 yeye mwenyewe aliiacha nyumba ya baba zake, akahamia pamoja na walimu katika nyumba hafifu ya Rue Neuve, mahali pa watu wadogo.

Huko alipata taabu asiyoitazamia, nayo ni taabu ya chakula. Mwili wake ulikuwa umezoea vyakula laini. Supu ya walimu ilimchefua, akatapika. Basi alifanya jambo la mtu mwenye nia: alikaa siku kadhaa bila kula kitu, hata njaa ikamshika vikali, ndipo supu ikapita kooni. Wengine watacheka wakisikia habari hii. Mimi naona ni katika mambo makubwa ya maisha yake, maana ni rahisi kuwapenda maskini kwa mbali, lakini chungu chao ni jambo jingine.

Walimu nao walikuwa na hofu yao. Waliona kwamba mshahara wa shule za bure hautoshi, nao walijiuliza watakula nini siku watakapougua au kuzeeka. De La Salle aliwafundisha wamtumaini Mungu anayewalisha ndege. Wao walimjibu, bila kuficha, kwamba yeye asema vizuri kwa sababu hakosi kitu: ana urithi, ana mapato ya ukanoni, na shule zikianguka yeye hataanguka nazo. Jibu hilo lilimchoma moyoni, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hakuwakemea. Alikwenda kuomba shauri kwa padri Nicolas Barré huko Paris, mtawa aliyejua mambo ya shule za maskini. Huyo alimwambia aache yote.

Mwaka wa 1683 aliuacha ukanoni. Watu walidhani atamwachia mdogo wake Louis, maana ndivyo ilivyokuwa desturi. Yeye alimwachia padri mmoja maskini. Kisha ikaja njaa kubwa ya mwaka wa 1684 na 1685. Ngano ilipanda bei, watu wa vijijini waliingia mjini kwa makundi. De La Salle alitoa urithi wake wote kwa mikate: asubuhi kwa watoto wa shule, kisha kwa maskini waliokuja mlangoni, kisha kwa siri kwa wale walioona haya kuomba. Fedha ilipokwisha, yeye mwenyewe alikwenda kuomba mkate nyumba kwa nyumba katika mji ule uliomjua tangu kuzaliwa. Tangu siku hiyo walimu hawakuwa na neno la kumjibu.

Nao walibadilika. Walivaa nguo moja, nyeusi, ya kitambaa kikavu, pamoja na koti pana la wakulima wa nchi ile ambalo mikono yake ilining'inia. Watoto wa mjini waliwazomea na kuwatupia matope. Waliacha kuitwa mabwana walimu, wakaitwa Ndugu: ndugu wao kwa wao, na ndugu wakubwa wa watoto waliowafundisha. Hawakuwa mapadri. De La Salle alifikiri kwanza kuwa baadhi yao wawe mapadri, akamtayarisha mmoja aliyempenda sana, Ndugu Henri L'Heureux. Huyo alikufa ghafula kabla ya kupewa daraja. Tangu hapo aliamua kwamba Ndugu wawe wa shule tu, asiwepo mmoja wa kuvutwa na altare akaliacha darasa. Nanyi mnaofundishwa na makatekista wasio mapadri, angalieni: ni zaidi ya miaka 300 tangu mtu huyo aliposema kwamba kuwafundisha watoto ni kazi ya kumtosha mtu maisha yake yote.

Sasa niwaeleze shule yenyewe, maana hapo ndipo pana utamu.

Zamani, katika shule nyingi ndogo, mwalimu alimwita mtoto mmoja mmoja mezani pake. Huyo alisoma kidogo kitabu alicholeta kutoka kwao, na wengine wote walikaa bure, wakipigana na kulala. Tena walianza kusoma kwa Kilatini, lugha ambayo hawakuisema nyumbani. Mtoto wa tajiri aliweza kuvumilia, kwa kuwa alikuwa na miaka mingi ya kusoma mbele yake. Lakini mtoto wa mfumaji aliondolewa shuleni upesi akafanye kazi. Alitoka anajua kutamka maneno asiyoyaelewa, asiweze kusoma barua ya kwao.

De La Salle na Ndugu zake waligeuza mambo. Waliwapanga watoto kadiri ya ujuzi wao, wote wa kundi moja wakiwa na kitabu kile kile. Mmoja akisoma, wenzake wote wanafuata kimya, kwa sababu mwalimu aweza kumwita yeyote aendelee pale mwenzake alipoachia. Walianza na Kifaransa, lugha ya mama zao, Kilatini kilingoja. Mwalimu hakupaza sauti ovyo. Alikuwa na kijiti cha kugonga kilichotoa mlio, na kila mlio na kila ishara ilikuwa na maana yake: anza, acha, rudia, umekosa. Nawaambia, mwenye watoto 60 katika chumba kimoja cha udongo, mvua ikipiga mabati, atafahamu hekima ya kijiti hicho.

Watoto walipojua kusoma vitabu, walipewa kusoma maandiko ya mkono, yaani hati za kupanga nyumba, karatasi za deni, stakabadhi. Halafu walijifunza kuziandika wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu maskini alidanganywa kwa karatasi. Alitia alama chini ya hati asiyoijua, akapoteza shamba au mshahara. Mtoto aliyejua kusoma hati aliwaokoa baba yake na mama yake. Na aliyejua kuandika vizuri na kufanya hesabu aliweza kupata kazi kwa mfanyabiashara, asirithi tu taabu ya wazazi wake.

Walikula pia shuleni. Asubuhi na alasiri kila mtoto alitoa mkate wake. Palikuwa na kikapu. Aliyeleta kingi aliweka sehemu, na asiyeleta kitu alipewa kutoka humo, bila kuaibishwa. Watoto wenyewe walipewa kazi: mmoja kugawa mikate, mwingine kupiga kengele, mwingine kutunza ufunguo. Mwalimu aliandika katika daftari habari za kila mtoto: tabia yake ni ya namna gani, ni mwoga au mkaidi, anachelewa kwa sababu gani, wazazi wake wana hali gani. Mtoto akikosa kuja, walitafuta sababu nyumbani kwao. Fimbo ilikuwapo, maana siku zile hakuna aliyewaza shule bila fimbo. Lakini Ndugu waliagizwa waitumie kwa nadra sana, wala wasipige kwa hasira, wala wasimwite mtoto kwa jina la matusi. Na mwalimu hakuruhusiwa kupokea zawadi kwa mwanafunzi wala kwa wazazi wake, hata iwe ndogo, asije akampenda mwenye kuku kuliko asiye na kuku.

Mafundisho ya dini yalifanyika kila siku, muda wa nusu saa. Mwalimu hakuhubiri. Aliuliza maswali mafupi, mtoto mmoja baada ya mwingine kwa zamu ya mabenchi, na asiyejua alisikia jibu kwa mwenzake kisha akalirudia. Swali gumu lilivunjwa vipande vidogo. Mambo hayo yote waliyaandika pamoja, de La Salle na Ndugu wenye kuzoea kazi, katika kitabu cha uongozi wa shule. Kilinakiliwa kwa mkono mwaka wa 1706, kikapigwa chapa mwaka wa 1720.

Hakuwasahau watu wa vijijini. Ndugu hawakukaa mmoja mmoja, na kijiji hakikuweza kuwalisha wawili au watatu. Basi alianzisha huko Reims nyumba ya kuwatayarisha vijana waliotumwa na maparoko wao. Walijifunza kufundisha, kusoma, kuandika na kuimba, wakarudi kila mtu kijijini kwake kuwa walimu. Nyumba ya namna hiyo, ya kumfundisha mwalimu kabla hajafundisha, ilikuwa jambo geni katika nchi ile.

Mwaka wa 1688 alikwenda Paris na Ndugu wawili, wakapewa shule ya parokia ya Saint-Sulpice, katika njia iitwayo Rue Princesse. Ilikuwa shule yenye vurugu. Baada ya miezi michache ikatulia, watoto wakajaa. Hapo ndipo vita vilipoanza. Katika Paris walikuwako walimu wa mwandiko, waliofundisha kuandika kwa malipo na kulindwa na sheria. Waliona watoto wanawakimbia kwenda kwa Ndugu, tena si maskini peke yao, hata watoto wa watu wenye uwezo. Wakasema kwamba Ndugu wanawanyang'anya riziki. Tusiwahukumu upesi, nao walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini walitaka mtoto maskini asijue kuandika, na de La Salle hakuweza kulikubali hilo. Walimshtaki mara kwa mara. Mwanzoni alishinda. Mwaka wa 1704 walirudi na askari wa baraza, wakachukua mabenchi na meza za shule. Akatozwa faini, na mwaka wa 1706 waamuzi wakuu wa Paris wakathibitisha hukumu. Kwa muda Ndugu walifunga shule zao katika parokia ile. Wazazi walilalamika, nazo zikafunguliwa tena.

Kabla ya hayo palikuwa na jaribu kubwa zaidi. Mwaka wa 1691 Ndugu wengi walikuwa wamekufa au kuondoka, na wengine walikuwa wagonjwa kwa kazi nyingi na chakula kidogo. Tarehe 21 Novemba mwaka huo de La Salle aliwachukua wawili aliowaamini, Nicolas Vuyart na Gabriel Drolin, wakaapa mbele ya Mungu kwamba hawataiacha kazi ya shule mpaka kufa, hata wakibaki watatu tu, hata wakilazimika kuomba na kula mkate mtupu. Mwaka wa 1694 wengine wakafuata: Ndugu 12 pamoja naye waliweka nadhiri ya maisha yote.

Wawili wale wa kwanza walikwenda njia mbili. Vuyart alikabidhiwa katika Paris nyumba ya kuwatayarisha walimu wa vijijini. Paroko wa mahali alipokufa aliacha mali kwa jina lake, ili kazi iendelee. Vuyart aliishika mali ile kama yake, akajitenga, na nyumba ikafa. Drolin alitumwa Roma mwaka wa 1702 afungue shule karibu na Baba Mtakatifu. Ndugu yake aliyefuatana naye alirudi upesi. Drolin alibaki peke yake, maskini, katika nchi asiyoijua lugha yake. De La Salle alimwandikia barua za kumtuliza. Hakuondoka.

Kazi ilikua. Tangu mwaka wa 1699 palikuwa na shule ya Jumapili kwa vijana wa Paris waliofanya kazi siku sita; walijifunza kusoma, hesabu, na kuchora kwa vipimo, jambo lenye faida kwa seremala na mwashi. Mwaka wa 1705 Ndugu walipata nyumba kubwa ya Saint-Yon huko Rouen, wakaweka humo wanafunzi wa kulala, na hata vijana wakaidi ambao wazazi walishindwa nao.

Halafu ikaja kesi iliyomvunja. Kijana mmoja, jina lake Clément, alimsihi amsaidie kununua nyumba ya kuwatayarisha walimu huko Saint-Denis. De La Salle alitoa fedha. Baadaye baba wa kijana huyo alikwenda barazani, akasema kwamba mwanawe hakuwa ametimiza miaka 25 ya kisheria, na kwamba de La Salle alimlaghai mtoto. Mwaka wa 1712 alihukumiwa. Alipoteza fedha, zaidi ya hayo, alipoteza jina jema, mzee wa miaka 60 aliyetoa vyote vyake sasa aitwa mlaghai.

Aliondoka Paris, akaenda kusini kuwatazama Ndugu wa huko. Hakupata faraja. Marseille walimpokea kwa shangwe, kisha wakamgeuka. Alitaka kupanda merikebu kwenda Roma, askofu akamzuia. Ndugu wengine walimwambia usoni kwamba amekuja kubomoa, wala si kujenga. Katika mji mmoja Ndugu zake mwenyewe hawakumpa mahali pa kukaa. Ndipo alipoanza kufikiri kwamba taabu zote za shule zatoka kwake, na kwamba afadhali ajifiche, kazi iendelee bila yeye. Alipofika Grenoble alimtuma mwalimu mmoja safari ya mbali, akaingia darasani mahali pake. Daktari wa teolojia aliwafundisha watoto wadogo herufi, akawapeleka kanisani kwa Misa kila siku. Nadhani hizo zilikuwa siku tamu kwake.

Karibu na mji ule, juu ya mlima Parménie, aliishi Sista Louise, mchungaji wa kondoo asiyejua kusoma, mwenye kujaliwa hekima na Mungu. De La Salle alimfungulia moyo wake, akamwambia kwamba atamani kubaki mlimani katika sala mpaka kufa. Mwanamke huyo alimjibu kwamba hayo siyo mapenzi ya Mungu. Asiwaache watoto aliopewa. Daktari alikubali neno la mchungaji. Na wakati huohuo Ndugu wakubwa wa Paris, walioona kazi yawaponyoka, walimwandikia barua tarehe 1 Aprili 1714. Hawakumsihi tu, walimwamuru, kwa nadhiri ya utii aliyoiweka mbele yao, arudi mara moja ashike uongozi. Watoto wamwamuru baba! Yeye aliitii. Tarehe 10 Agosti aliingia Paris, akawauliza wataka afanye nini.

Mwaka wa 1717 alipata alichotamani: Ndugu walimchagua Ndugu Barthélemy awe mkubwa wao, naye de La Salle akawa wa mwisho katika nyumba ya Saint-Yon. Aliomba ruhusa hata kwa mambo madogo. Kwaresima ya mwaka wa 1719 ugonjwa wa viungo na kifua ulimlaza. Hata hapo taabu haikumwacha: kwa sababu ya ugomvi wa parokia, wakubwa wa jimbo la Rouen walimwondolea ruhusa zake za kipadri siku chache kabla hajafa. Hakujitetea. Alifariki alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719, akiwa na miaka 67. Aliacha Ndugu wapatao 100 na shule katika miji zaidi ya 20.

Mwaka wa 1725 Baba Mtakatifu Benedikto XIII alithibitisha shirika la Ndugu wa Shule za Kikristo. Papa Leo XIII alimtangaza de La Salle kuwa mtakatifu mwaka wa 1900, na Papa Pio XII akamfanya msimamizi wa walimu wote mwaka wa 1950. Katika nchi yetu ya Kongo Ndugu wake walifika Boma mwaka wa 1909.

Gabriel Drolin alirudi Ufaransa mwaka wa 1728, baada ya kukaa Roma miaka 26. Baba yake hakuwahi kuuona mji huo. Mifupa yake ililetwa huko mwaka wa 1937, nayo imewekwa katika nyumba ya Ndugu hata leo.